Kiu ya Kuku wa Jumbe Ndahani

Ombasha Shaaban, askari wa boma, alikuwa hajui lolote kuhusu kuku zaidi ya kuwala. Ndiyo maana asubuhi ile, aliposhuka kwenye treni ya mizigo pale Zuzu na kuambiwa kwamba maiti wanamsubiri nyuma ya nyumba ya jumbe, wamelazwa juu ya jamvi, alijikaza asicheke. Kule bomani Dodoma wenzake walikuwa wamekwisha kumcheka vya kutosha. "Nenda kahoji majogoo," shaushi, mkubwa wake, alimwambia. Lakini kuku wenyewe hawakuwa kuku hivi hivi. Walikusanywa kutoka kijiji kizima kwa ajili ya meza ya Bwana Mkubwa, Mdachi wa boma, aliyekuwa akitazamia wageni kutoka pwani. Na Bwana Mkubwa, aliposikia kwamba kuku wake wanakufa ovyo, alitamka neno moja tu: aliyewaua aletwe kwa treni ya jioni.

Na kwa kauli ya watu wa Zuzu, mwuaji alikuwa amekwisha kupatikana.

Alikuwa amekaa chini kando ya zizi, mikono imefungwa kwa ukanda wa ngozi kwenye nguzo, na mtoto wa kunyonya mgongoni. Jina lake Loisi, mjane, aliyebatizwa na wamisionari mwaka uliopita. Hakuwa akilia. Alimwangalia ombasha kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akageuza uso.

Hapo hapakuwa na mtu asiyejua mwanamke yule anaelekea wapi. Mdachi hakuwachapa wanawake kiboko, hiyo ilikuwa sheria yake na aliionea fahari; aliwatia mnyororo. Waliopelekwa kwenye mnyororo walipewa posho ya mtu mmoja, na mtoto wa mgongoni hakuhesabiwa mtu. Mwanamke akikosa chakula maziwa hukauka, na maziwa yakikauka, basi tena.

"Shikamoo, Jumbe," Shaaban alisema.

"Marahaba." Jumbe Ndahani alikuwa mtu mzima mwenye kanzu safi na sauti ya kuamrisha. "Mtu wako ni yule pale. Ameonekana kwa macho. Wewe kula, pumzika, jioni ondoka naye."

"Nitakula baadaye. Kwanza nione maiti."

Jumbe alimtazama kuona kama anafanyiwa mzaha. Hakuwa anafanyiwa mzaha. Shaaban alikuwa Mrangi wa milimani Kondoa, na ukaidi alizaliwa nao. Akipewa kesi ya mauaji, iwe ya mtu au ya kuku, lazima aanzie kwa aliyekufa.

Aliwageuza mmoja mmoja pale jamvini. Hakuona jeraha wala unyoya ulionyofolewa. Midomo haikuwa na povu. Hapakuwa na vipele vya ndui, ile inayojaza kuku madonda kichwani. Sehemu za nyuma zilikuwa zimelowa na kuchafuka kwa kinyesi cha majimaji, na basi, hakuna jingine. Halafu akawatazama wale wazima, kama kweli unaweza kuwaita wazima. Walikuwa wamejazana kwenye hori la mti chini ya ukingo wa paa, wakinywa. Mmoja aliinua kichwa, akatembea hatua mbili tatu mbawa zikiburuza chini, akayumba, akakaa kitako kama mlevi. Baada ya muda akajikokota tena mpaka horini, akanywa.

"Wameanza lini haya?" aliuliza.

Aliyejibu ni Tabu, mke wa jumbe, mama mnene mchangamfu ambaye misiba ilikuwa haijamzoea. "Ile mvua ya kwanza ilinyesha, tukafurahi. Jua likawaka. Nikaona majike mawili yamezubaa. Kesho yake yamelala. Tangu hapo kila nikiamka ni kuokota tu, afande. Hata sijui nimemkosea nani."

"Unajua sana," jumbe alidakia. "Umemkosea yule pale."

Shahidi aliyesema ameona kwa macho alikuwa Sila, jirani wa upande wa pili wa ua, kijana mwenye maneno mengi. Shaaban alimtenga na wenzake, akampeleka mpaka nyuma ya ghala, maana mashahidi wakihojiwa pamoja hutoa hadithi moja.

"Ulimwona anafanya nini?"

"Alfajiri moja, baada ya ile mvua, afande, alipita hapa uani akiinamainama. Akamwaga kitu kando ya ua. Kuku wakakimbilia, wakala. Kisha akaondoka haraka haraka."

"Kitu gani?"

"Sumu."

"Ulijuaje ni sumu?"

"Si wamekufa?"

Shaaban alimwacha, akaenda kuchuchumaa mbele ya mshitakiwa.

"Dada, ulimwaga nini alfajiri ile pale uani?"

"Sikumwaga kitu," Loisi alisema upesi mno.

"Umeonekana."

"Aliyeniona ana macho mabaya."

Ombasha aliinuka bila kubishana, akautembea ua wote hatua kwa hatua, akichakura kwa fimbo. Karibu na lango, chini ya miiba, alikuta chembe za uwele uliovimba, umechanganyika na makapi, unanuka uchachu. Alizifikicha kiganjani, akazinusa. Yeye hakuwa mtu wa kilevi, lakini alikuwa amevunja vilabu vya kutosha kuitambua ile harufu. Yalikuwa machicha ya pombe.

Alirudi na kiganja chake wazi. Loisi alikiangalia, na kwa mara ya kwanza uso ukambadilika.

"Kanisani hawaruhusu," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimpikia mkwe wangu, mgonjwa, alitaka pombe ya uwele kabla hajafa. Mzee wa kanisa akiyakuta machicha kwangu atanifukuza. Ndiyo nikayatupa huku, nikijua kuku watayamaliza."

Hapo Shaaban nusura apige makofi. Kumbe kesi imekwisha kabla ya jua kupanda. Kuku wanayumba, wanaanguka kitako, wanatembea kwa kuzunguka: wamelewa, hakuna cha sumu wala nini. Alikuwa amekwisha kuipanga ripoti kichwani, na shaushi angecheka mpaka aumwe mbavu, wakati Sila alipokohoa nyuma yake.

"Lakini afande, hayo machicha kuku wangu ndio waliyala zaidi. Wangu ni wakorofi, waliwasukuma hawa wa jumbe."

"Na wako wako wapi?"

Sila alinyoosha kidole. Juu ya kichuguu ng'ambo ya ua, kuku wake walikuwa wakichakura na kugombana kwa afya tele, hata jogoo mmoja akamrukia mwenzake mbele ya serikali.

Jumbe alicheka kwa dharau. "Unaona? Aliwachagua wangu. Huo ni uchawi, na sasa amekiri alikuja hapa. Utafute nini tena?"

Shaaban aliyapukuta machicha kiganjani. Mwanamke alidanganya, na uongo wake ulikuwa wa aibu tu, haukuwa wa kuua. Kuku walikula chakula kimoja, wa huku wanakufa, wa kule wanapigana. Kama ni sumu, ni sumu gani inayouliza kuku ni wa nani?

Tabu, aliyemwonea huruma jinsi alivyosimama amekodoa macho, alimletea dawa ya jambo lile: wazo jingine. "Mimi nasema ni yule jogoo. Mume wangu alimleta kutoka Bahi, gulioni, siku chache kabla ya mvua. Kuku wa kununua huja na maradhi."

Hilo lilikuwa na akili. Hata Kondoa mtu akileta kuku mgeni alimtenga kwanza. "Alikufa wa kwanza?" Shaaban aliuliza kwa matumaini.

"Nani, jogoo? Hajafa. Nimemfunga mguu kule nyuma ya jiko asirudi kwao."

Walikwenda kumtazama. Jogoo wa Bahi alikuwa mwekundu, kilemba kimesimama, manyoya yanameremeta. Alipomwona ombasha aliwika. Katika boma zima la jumbe hapakuwa na kuku mwenye afya kama yule, na kama alileta maradhi, basi aliwagawia wenzake yote asijibakizie hata kidogo.

"Kuna mwingine mzima hapa?"

"Yupo mmoja ndani, anaatamia. Huyo hatoki."

Kweli, gizani ndani ya nyumba, chini ya kitunga, palikuwa na tetea aliyemdonoa Shaaban kidole kwa nguvu zote. Alitoka nje akinyonya kidole, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Jua lilikuwa limefika utosini. Mashahidi anao, mshitakiwa anaye, maiti anao, na kila akivuta uzi mmoja unakatika mkononi. Mbele yake mbuzi wawili walikuwa wakiramba ukuta wa nyumba, kwa bidii, bila kupumzika. Tabu aliwafukuza kwa kijiti. Wakazunguka, wakarudi kuramba upande wa pili.

"Hawa kuku uliwatibu kwa lolote?" alimwuliza Tabu.

"Sana. Nimewanywesha dawa ile ile tunayowapa ng'ombe wakilegea: maji ya chumvi ya Bahi. Ng'ombe akinywa ile, kesho anasimama."

"Na kuku uliowanywesha wamesimama?"

Tabu alikishusha kijiti. "Ndio waliotangulia kufa."

Shaaban aliomba kisu. Kusikia hivyo, Tabu alirudi nyuma na Sila akaacha hata kusema, kwani kufungua tumbo la kuku na kutazama ndani ni kazi ya mganga, na hakuna aliyetaka kusomewa mambo yake na askari. Ombasha hakuwa anasoma bahati ya mtu. Alipasua gole, ule mfuko wa shingoni kuku anaohifadhi chakula, na maji yakamrukia mkononi. Ndani mlikuwa na maji na punje chache tu za uwele. Alimpasua wa pili, ikawa vile vile. Baada ya wa tatu aliacha. Vidole vyake vilikuwa vimelowa mpaka kwenye kifundo.

Kuku wamejaa maji mpaka kooni, na bado wanafia mdomo ukiwa horini. Alilirudia jambo hilo moyoni mara kadhaa na halikuwa na maana yoyote. Mtu hafi kwa kiu huku tumbo limefurika.

"Mama Tabu," aliuliza taratibu, "yule jogoo uliyemfunga, nani anampa maji?"

"Mimi. Namwekea kigaeni."

"Maji ya wapi?"

"Ya kisimani, ya kwenye mtungi."

"Na yule anayeatamia?"

"Vile vile."

"Na kuku wa Sila wakishiba huku, wanakunywa wapi?"

"Kwetu," Sila alisema. "Na sisi tunachota kisimani."

"Na hili hori? Nani analijaza?"

Tabu alicheka kidogo, akaona aibu kucheka mbele ya maiti. "Hilo? Kisima kiko mbali, afande. Tangu Mungu alete mvua nijichoshe ya nini? Paa linajaza lenyewe."

Shaaban aliinua macho. Lilikuwa tembe la kawaida la Kigogo, refu, paa lake bapa limesiribwa kwa udongo, na gogo lililochimbwa katikati likichungulia ukingoni kumwaga maji. La kawaida, isipokuwa rangi. Matembe yote aliyopata kuyaona yalikuwa na rangi ya ardhi. Hili lilikuwa jeupe, paa na kuta zake. Asubuhi alikuwa amedhani ni chokaa.

"Nyumba yako inapendeza, Jumbe," alisema. "Chokaa umepata wapi?"

Jumbe alijituna. Hili alilipenda kuliko kuku. "Chokaa ya nini? Boma la Mdachi ni jeupe, na mimi ni mkono wa Mdachi hapa. Nilisema jumbe hawezi kukaa kwenye nyumba ya rangi ya panya. Kule Bahi, dimbwi likikauka, ardhi ya juu yote inakuwa nyeupe. Nikawatoa watu na punda, wakaibeba. Kijiji kizima kilibeba." Alimtupia Loisi jicho. "Isipokuwa huyo. Alinikatalia mbele ya watu, eti mtoto ana homa. Ndipo chuki ilipoanzia."

"Ile ardhi ndiyo wanayotolea chumvi?"

"Ndiyo hiyo. Kila mtu anajua."

Kila mtu alijua, na hapo ndipo palipokuwa na ajabu yake. Ombasha alikwenda horini, akachovya kidole kile kile alichodonolewa. Kilimchoma. Akakitia mdomoni, akatema. Maji yale, yaliyochujwa na paa na kupikwa na jua siku hizi zote, yalikuwa makali kuliko mchuzi wa mwali asiyejua kupima.

"Chumvi," alisema.

"Haya, chumvi," Jumbe alisema. "Kwani chumvi ni sumu? Mimi nimekula chumvi tangu nizaliwe. Ng'ombe wangu wanaramba ile ardhi na wamenona. Mgonjwa tunampa, mzazi tunampa. Ombasha, umeishiwa."

Watu waliokusanyika walinung'unika wakikubaliana naye, na Shaaban mwenyewe, kusema kweli, nusu yake ilikubaliana nao. Hakuwa na hakika. Ng'ombe anaramba, ananona; mbuzi anaramba, anarudi kuramba; kuku anakunywa, anakufa? Huenda. Huenda pia alikuwa ameshika uzi mwingine wa kukatika. Kuku si ng'ombe, hilo alilijua, na hakuna jingine alilolijua.

"Tutajaribu," alisema. "Sila, mwaga hori. Acha maji kidogo kwenye chungu. Mama Tabu, leta maji ya kisimani. Wale wagonjwa wanaoweza kumeza, wanyweshe hayo, kidogo kidogo, usiwaache wajinywee."

"Kidogo kwa nini, na wana kiu?"

"Uliwahi kuona wapagazi waliotoka nyika ya Mgunda Mkali bila maji? Anayekunywa kwa pupa anafia kisimani. Kidogo, pumzika, kidogo tena." Kisha akageuka. "Sasa nataka kuku mzima, mwenye kiu. Nimpe ya chungu."

Jumbe alisema jogoo wa Bahi haguswi. Sila alikumbuka ghafla kwamba kuku wake si wake, ni wa mama yake. Wengine walitazama chini. Kama maji si sumu, kuku atapona na mwanamke atakwenda mnyororoni. Kama ni sumu, kuku atakufa. Hakuna aliyeona faida ya kutoa kuku.

"Mchukue wangu," Loisi alisema kutoka zizini. "Yumo kwenye tenga kwangu, walimfungia humo tangu waliponikamata. Kiu anayo."

"Unaye mmoja?"

"Mmoja. Mayai yake nabadilisha na maziwa, yangu hayamtoshi huyu." Alimwonyesha mtoto kwa kidevu. "Ukimpa maji hayo asipoanguka, atabaki yeye na mimi nimekwisha. Akianguka, nimemkosa yeye. Mlete tu."

Kuku aliletwa, kuku mdogo wa madoadoa, mkali, akapewa chungu. Alikunywa akiinua kichwa na kuinamisha, akiinua na kuinamisha. Loisi hakumwangalia. Baadaye aliongezewa, akanywa tena kwa haraka kuliko mwanzo, na Shaaban akaligundua hilo: anavyozidi kunywa ndivyo kiu inavyozidi.

Alasiri ilikuwa ndefu. Ombasha aliwazuia watu wote pale pale ili asije mtu akasema kwamba kuku ametiwa kitu na mkono wa mtu. Hata kula hakula. Mara kuku wa madoadoa alisimama imara, na moyo wa Shaaban ukamshuka. Mara alifumba macho, na watu wakasogea. Mara alichakura kama hana tabu ya dunia, na Jumbe akaagiza kigoda akae vizuri aone askari anavyoaibika. Kisha akaacha kuchakura. Mbawa zikalegea, moja kwanza, halafu ya pili. Akatembea kuelekea chungu, akayumba, akakaa kitako. Akajikokota tena, akafika, akanywa.

"Ni vile vile," Tabu alinong'ona. "Walianza vile vile." Halafu akatazama kapuni kwake, ambamo alikuwa amewapanga wagonjwa wake wa maji ya kisimani, akatoa sauti. Majike mawili yalikuwa yamesimama. Moja lilikuwa linajaribu kutoka. Kuku mwingine alikuwa amekufa, lakini yale mawili yalisimama, na mama wa watu akaanza kulia palepale. "Na mimi niliwanywesha chumvi. Kwa mikono yangu. Nikiona wanazidiwa, naongeza."

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja pale angewanywesha hivyo hivyo. Watu waliozaliwa zizini hutibu kila chenye miguu kama ng'ombe.

Shaaban alimgeukia mwenye nyumba. "Jumbe, anayekunywa ya paa lako anaanguka. Anayekunywa ya kisima anainuka. Huyu mwanamke hajaleta tone la maji hapa, wala kijiko cha udongo. Udongo aliukataa."

Jumbe Ndahani aliinuka kigodani. Si kuku aliowafikiria sasa, ni Bwana Mkubwa aliyesema aletwe aliyeua. Alitazama nyumba yake nyeupe muda mrefu. Kisha akapunga mkono, kama mtu anayefukuza inzi, akasema kwa sauti ya kooni, "Mfungueni."

Sila aliufungua ukanda. Loisi alisugua mikono, lakini hakuinuka.

"Nenda kwako," Jumbe alisema.

"Useme kwanza."

"Niseme nini? Umefunguliwa, unataka nini tena?"

"Uliponifunga ulinitaja jina, mbele ya watu wote. Ukaniita mchawi. Sasa unanifungua kwa kunong'ona. Nikiondoka hivi, mtoto wa mtu akiumwa kesho, watakuja kwangu. Mbuzi akivunjika mguu, watakuja kwangu. Sema kwamba sikuua."

Jumbe aliukunja uso, akaangalia pembeni. Kutoka upande wa Bahi filimbi ya treni ilisikika, mbali bado. Shaaban alifunga kuku mmoja wa jamvini ndani ya gunia na kujaza kibuyu maji ya hori, ndio ushahidi wake wote, akaanza kushuka kwenda relini. Hakujua atamwambia nini shaushi. Alichojua ni kwamba anarudi mikono mitupu, na Mdachi hapendi mikono mitupu.

Alipofika, alisikia nyayo nyuma yake. Alikuwa Loisi, mtoto mgongoni, kuku wa madoadoa kwapani, kichwa cha kuku kinaning'inia. Nyuma yake kijiji kizima. Treni ilisimama ikipumua, wahudumu wakaanza kutupa mizigo, na Loisi akapita mbele ya ombasha, akapanda kwenye behewa la wazi, akakaa juu ya magunia.

"Dada, wewe umeachiwa."

"Najua. Bwana Mkubwa ameomba mtu, nakwenda mwenyewe. Nitamwambia sikuua. Na akiniuliza ni nani basi, nina mdomo."

Jumbe Ndahani aliyasikia. Aliacha fahari yake yote ya ujumbe pale penye miti, akaja akiinua kanzu, akashika ukingo wa behewa.

"Shuka, mwanangu," alisema kwa upole. "Hukuua. Haya, shuka."

"Sisikii, baba. Treni ina kelele."

"Hukuua."

"Wale wanawake kule nyuma hawasikii."

Mhudumu alipunga kitambaa. Behewa lilishtuka, likaanza kwenda polepole, na Jumbe akaenda nalo, mkono haujaachia, kanzu inaburuzika kwenye kokoto. Ndipo alipopaza sauti, na ni sauti ile ile ya kutoza kodi, iliyofika mpaka kwa wapasua mawe wa reli.

"Loisi hakuua kuku! Ni nyumba yangu! Ni mimi!"

Loisi aliruka chini. Treni haikuwa imeshika mwendo, na Shaaban, aliyedandia behewa lililofuata na gunia lake la ushahidi, alimwona vizuri. Alimwona anamfungua mtoto mgongoni na kumkabidhi Jumbe, bila kumwomba.

"Nishikie," alisema. "Nakwenda kisimani, kuku wangu bado anapumua."

Na Jumbe Ndahani, mbele ya Zuzu nzima, alimpokea mtoto.